Sifa za Miwani ya Noeli

Wafugaji wana sifa za ng'ombe wao, wavuvi wana sifa za mitumbwi yao, na wakubwa wetu wana watu wanaolipwa kuwasifu. Miwani ya plastiki ya Noeli haina mtu. Kila Desemba inaingia mji wetu wa Uvira, inavaliwa, inakaliwa, inavunjika na kufagiliwa pamoja na maganda ya karanga, na sijawahi kusikia mtu akisimama mbele ya wenzake kuitolea asante. Basi nasimama mimi, baba wa watoto sita, mwenye deni kwake kubwa kuliko deni la duka la jirani.

Ninayoisema ni ile ya watoto: ya waridi, ya kijani kibichi, ya njano inayouma macho, nyingine ikiwa na umbo la nyota au la moyo. Haina skrubu. Mkono wake umeshikiliwa na kinundu cha plastiki kilichosukumwa ndani ya tundu, na kioo chake, ambacho si kioo, kimebandikwa kikaratasi kilichoandikwa UV400. Mtoto wa Uvira habandui kikaratasi hicho, na ukimbandulia atalia, kwa sababu ndicho ushahidi kwamba kitu ni kipya. Anazunguka akiiona dunia kwa jicho moja, la pili amelikabidhi kwa UV400.

Desturi ya sifa inataka tuanze na ukoo, na ukoo huu hauna aibu. Miwani yetu imezaliwa China, pengine Yiwu, mji wa mkoa wa Zhejiang ambako sehemu kubwa ya mapambo ya Noeli ya dunia nzima inatoka. Imevuka Bahari ya Hindi ndani ya kontena hadi Dar es Salaam. Kutoka pale ina njia mbili. Inaweza kufuata reli ambayo Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka 1914, halafu ipande meli na kushukia bandarini Kalundu. Au inaweza kupanda lori, ikapita Burundi, ikatoka Gatumba na kulipiwa ushuru mpakani Kavimvira kama mfanyabiashara yeyote mwenye heshima. Tuna wanaume mjini hapa wanaozungumzia Dar kila jioni na hawajafika hata Kigoma. Miwani imefika kote huko na haijitapi.

Ushujaa wake nao utajwe. Noeli yetu inaangukia katikati ya msimu wa mvua. Mawingu yanashuka kutoka Milima ya Mitumba, mito ya Mulongwe na Kalimabenge inakuwa na rangi ya matofali, na njia zinageuka tope. Katika hali hiyo, kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya jua kingeona haya kutoka nje. Miwani haioni haya. Utawaona watoto barabarani chini ya manyunyu, wamevaa vioo vyeusi, wanapapasa njia kwa miguu, na kila mmoja ameinua kidevu kama waziri anayeshuka kwenye ndege.

Lakini sifa kubwa kuliko zote ni ya hesabu, na hapa naomba kina baba wasogeze viti.

Kuamua utatumia kiasi gani kwa zawadi za watoto ni kazi ngumu popote duniani. Uvira ni ngumu mara tatu, maana tunaifanya kwa pesa za aina tatu. Mshahara, ukifika, unatajwa kwa dola. Sokoni Mulongwe unaulizwa franka za Kongo. Ukienda Kavimvira kutafuta nafuu, unakutana na franka za Burundi. Katikati yao yuko kambiste, mbadilisha pesa, chini ya mwavuli wake, na marundo ya noti mbele yake, anaipeleka dola yako kwenye mwanga na kuigeuzageuza. Ikiwa na mpasuko hata wa punje ya mchele, anakurudishia bila neno. Baba aliyetoka nyumbani na uamuzi wa busara anarudi jioni bila uamuzi, na ile dola bado iko mfukoni inamtazama.

Mama watoto naye ana hesabu yake. Kikundi chake cha AVEC kinagawana akiba Desemba, na kwa miezi kumi na moja pesa ile imekwisha kupangiwa kazi kichwani mwake: mchele, nyama, mafuta, soda, kitambaa, na kitu kinachoitwa "vingine". Baba hajui "vingine" ni nini na ameshauriwa asiulize. Wiki hiyohiyo shule zinatoa buletini za muhula wa kwanza. Mtoto aliyepata asilimia sabini haleti buletini, analeta faktura. Aliyepata arobaini na tano anakuja nayo vilevile, na hoja kwamba Yesu hakuzaliwa kwa ajili ya wenye pointi tu.

Nguo ndiyo zawadi yenyewe, hilo tunakubaliana wote. Noeli bila nguo mpya haihesabiwi, hata kama upya wake ni wa mitumba iliyofuliwa na kupigwa pasi ya makaa. Familia nyingi zimegundua ujanja wa kugawa mzigo: nguo Noeli, viatu Bonane, yaani Mwaka Mpya. Ni ujanja mzuri, ila nguo ina tabia mbaya: haina dari. Gauni la franka chache lina dada yake mwenye lesi, na mwenye lesi ana dada mwenye mkanda unaong'aa, na muuzaji anawajua dada wote kwa majina. Ukimnunulia mmoja mwenye mkanda, umewatukana watano. Ukiwanunulia sita wote, umeitukana Januari, na Januari haisamehi. Inakuja na karo ya wakubwa walioko sekondari, kodi ya nyumba, na debe la unga.

Sasa itazame miwani. Ina dari, tena dari ya chini. Franka 1000, au 2000 ukienda sokoni umevaa saa. Hujawahi kusikia inatajwa kwa dola. Haina dada mwenye lesi. Kijana anayeiuza ameichomeka kwenye kipande cha godoro alichokibeba begani, miwani yote imekutazama, na anasema, "Papa, kamata tatu, nitakupunguzia." Unakamata sita na anapunguza kweli. Dakika tano zimetosha kwa jambo ambalo baraza la familia lilishindwa kulimaliza kwa wiki tatu. Serikali ingepata mtu mwepesi wa kuamua namna hiyo, barabara ya Uvira hadi Baraka ingekuwa imekwisha kutengenezwa.

Wasomi wa mbali nao wanaiunga mkono, ingawa hawajui. Mwaka 1993 mchumi wa Marekani, Joel Waldfogel, aliwauliza wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Yale zawadi walizopewa wangezithamini kwa kiasi gani, kisha akalinganisha na bei zilizolipwa. Alikuta kwamba kati ya sehemu moja ya kumi na theluthi moja ya thamani inapotea njiani, kwa sababu mtoaji hajui mpokeaji anataka nini. Makala yale yalileta kelele nyingi, watu wakasema mchumi huyo hana moyo. Mimi nasema alikosa kufika Uvira. Hapa thamani ya zawadi haipotei kwa theluthi. Inapotea yote, kabla ya magharibi, mguu wa kaka mkubwa ukishaikanyaga. Na ajabu ni kwamba hakuna aliyepata hasara, kwa kuwa ile siku moja ililipiwa bei ya siku moja. Theluthi inapotea kwa wale walionunua vitu vya kudumu.

Maana kitu cha kudumu kina fitina. Mpe mtoto mmoja mpira wa ngozi na mwenzake mwanasesere anayelia. Hadi Pasaka utakuwa hakimu. Nani alimchukulia nani, nani alikata nywele za nani, kwa nini wa kwake bado unadunda. Miwani haiachi urithi. Tarehe 26 watoto wote sita wako sawa, hakuna mwenye miwani nzima, na amani inarudi nyumbani.

Usawa huo unaanzia asubuhi ya Noeli, njiani kwenda kanisani. Tusidanganyane kuhusu nani hasa anaamua tutumie kiasi gani. Si mapenzi kwa watoto. Watoto tunawapenda Agosti vilevile na hatununui kitu. Ni lile benchi la nyuma yetu, iwe kwa Wakatoliki au kwa Wapentekoste wa CEPAC, lenye mama anayepima kila mtoto anayeingia kuanzia kola hadi kisigino. Mbele ya macho yale, shati la mitumba linajulikana ni la mitumba, na la dukani linajulikana ni la duka gani. Miwani peke yake haisomeki. Mtoto wa mwenye meli na mtoto wa mbeba mizigo wa Kalundu wameinunua kwa kijana yuleyule, kwenye kipande kilekile cha godoro. Akiivaa, hata machozi ya viatu vinavyobana hayaonekani.

Ina maadui, na haki inataka wasikilizwe. Wanasema kioo cheusi kisichochuja mionzi kinadhuru, kwa kuwa mboni inapanuka gizani na kuruhusu mionzi zaidi iingie, na kile kikaratasi cha UV400 kinaweza kubandikwa popote na yeyote mwenye gundi. Hoja ni ya kweli na siibishii. Naomba tu daktari aje amtazame mtoto mwenyewe. Saa nne ya Noeli miwani iko kwenye paji la uso. Saa sita iko kisogoni. Saa nane imening'inia sikio moja, mkono wa pili umekwisha kung'oka. Machoni imekaa muda wa njiani na wa picha tu, na yote mawili yalikuwa chini ya wingu.

Wengine wanalalamikia taka, kwamba mvua ya jioni inazisukuma hadi mitaroni na mitaro inazifikisha ziwani. Hao wana haki zaidi, na sina jibu la mzaha. Tanganyika ina ndagala na mikeke ya kutosha kuwa na shughuli zake. Haikuomba nyota za waridi.

Kuna aliyejaribu kuipunguza Noeli yenyewe kwa amri. Mwaka 1974 Rais Mobutu aliiondoa Noeli kwenye sikukuu za serikali, na tarehe 25 Desemba ikawa siku ya kazi. Wanahistoria wameandika sana jinsi maduka na mashamba yalivyonyang'anywa wageni mwaka mmoja kabla na uchumi ukaanguka. Kuhusu amri hii ya Noeli hawaulizi kama mifuko ya kina baba ilipumua. Ningependa kuwaambia haikupumua. Sijakutana na mzee hata mmoja ambaye mama yake alipokea habari ile na kuzima jiko. Leo amri haipo na tarehe 25 ni sikukuu tena, na mchele unapikwa kana kwamba amri ile haijapata kutokea.

Halafu kuna miaka ambayo hakuna haja ya amri. Tarehe 10 Desemba 2025 waasi wa M23 waliingia Uvira, siku kumi na tano kabla ya Noeli. Makumi ya maelfu ya watu walikuwa wamevuka au wanavuka kwenda Burundi, na magodoro, masufuria, watoto mgongoni. Hapo swali la kiasi gani halikuulizwa kwenye nyumba nyingi, na mimi sina cha kusifia hapo. Naongeza tu, kwa faida ya wanaopanga bajeti za mji huu, kwamba zawadi ya Uvira inafaa iwe inayoingia mfukoni.

Turudi kwenye sifa, zimebaki chache. Miwani haiombi betri. Haina karatasi ya maelezo kwa Kichina. Haitengenezi sauti, na baba aliyewahi kununua filimbi anajua ukubwa wa neema hiyo. Haihitaji kubadilishwa saizi. Kichwa cha miaka mitatu na cha miaka kumi vinaivaa ileile, kimoja ikiteleza na kingine ikibana, na vyote viwili vinaridhika. Bonane ikifika, watoto wakipita nyumba kwa nyumba wakipiga salamu wapewe pesa kidogo na biskuti, ile iliyonusurika, kwa kawaida fremu tupu isiyo na vioo, bado inavaliwa, na mwenye nyumba anayemuona mtoto amejipamba hivyo anaona aibu kumtoa mikono mitupu. Ni zawadi pekee niliyowahi kununua iliyonirudishia mtaji.

Nina mpinzani mmoja tu ambaye sijamshinda. Mtoto wangu wa kwanza amefikisha miaka kumi na nne. Mwaka huu nilimpelekea ya kwake, ya buluu, umbo la nyota, na kikaratasi juu. Aliipokea kwa mikono miwili kama alivyofundishwa, akampa mdogo wake, akanitazama.

"Papa, mimi niko mukubwa. Nataka telefone."

Nikamwambia hayo ni mambo ya "vingine", aende kwa mama yake.