Kiti cha Mwingereza, Bei Maelewano

Shangazi yangu wa Ngamiani aliamua kuuza kiti cha marehemu baba yake ili anunue viti vya plastiki. Hesabu yake haikuwa na kasoro. Kiti kimoja cha mbao, hata kiwe na mikono mipana ya kutosha kikombe cha kahawa na sahani ya kashata, kinakaliwa na mtu mmoja, tena bure. Viti hamsini vya plastiki vinakodishwa kwa maulidi, harusi na arobaini, na Tanga haipiti wiki bila shughuli.

Kiti chenyewe babu alikipata Raskazone, kwa afisa mmoja wa Kiingereza aliyekuwa akimpikia. Uhuru ulipoingia mwaka 1961, bwana akafunga masanduku, akamwachia mpishi wake kiti, sufuria mbili na barua ya kuyasifu mapishi yake. Sufuria zilitoboka, barua ikaliwa na panya. Kiti kikabaki ukumbini, na kwa miaka mingi kazi yake ikawa kutandaziwa nguo zilizofuliwa siku za mvua.

Akaitwa dalali. Alikuja kijana nadhifu, kofia ya viua kichwani, simu mbili mkononi.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Hiki hapa."

Akakizunguka, akakipiga picha, akakigonga kwa kidole. "Mwaloni wa Ulaya huu," akasema. "Sasa, Bi Mkubwa, kina historia?"

Shangazi akamweleza habari za mpishi na sufuria. Uso wa kijana ukasawijika. Kwa maelezo yake, wateja wa vitu vya kale hawatoi pesa kwa ajili ya mpishi.

Kabla ya Ijumaa kiti kilikuwa na historia mpya, na niliisikia kwanza barazani kwa wacheza bao. Ati Novemba 1914, Waingereza waliposhuka kuuteka mji, mkubwa wao mmoja alishuka na kiti chake. Nyuki wakamtimua, akakiacha pwani.

Vita vya Tanga ni kweli, na nyuki ni kweli. Jeshi la Jenerali Aitken, watu wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, lilichapwa na Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani waliokuwa wakiutawala mji, aliyekuwa na askari kiasi cha elfu moja, likarudi melini mbio. Waliyoyaacha yanajulikana: mamia ya bunduki, bunduki za rashasha, risasi zaidi ya 500,000, simu za vitani, hata makoti na mablanketi. Nilimwambia dalali kwamba katika mateka yote hayo sijapata kusikia habari za kiti.

"Kaka," akanijibu bila kupepesa, "Mjerumani hakukihesabu kwa sababu alikuwa amekikalia."

Mtu wa namna hiyo hushindani naye.

Ilikuwa imebaki kasoro moja: mguu wa nyuma ulikuwa ukicheza. Nikaambiwa nikipeleke kwa fundi. Hapo ndipo tulipogundua kwamba mlango wa mbele umebadilishwa tangu kiti kiingie, na mikono haipiti. Tulikiinamisha, tukakilaza, tukakigeuza miguu juu, huku shangazi akituelekeza kutoka jikoni bila kutuona. Mwishowe kikatokea uani, juu ya ukuta, baada ya kuku wa jirani kuombwa radhi.

Nikakifunga kwenye keria ya baiskeli kwa mpira, nikaanza kukokota. Sasa, Ngamiani kiti kikionekana barabarani, watu hujua ama kuna harusi, ama kuna msiba. Na uso wangu baada ya ule ukuta haukuwa wa harusi. Kwenye kona ya kwanza mama mmoja muuza vitumbua akanipa pole. Kwenye ya pili mzee akavua kofia, akauliza maziko saa ngapi. Nikamwambia hakuna aliyefariki, kiti kinakwenda kwa fundi. Akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayeona majonzi yamenizidi, akanitia noti ya shilingi elfu mbili mfukoni. Niliporudi nyumbani shangazi aliichukua. Ubani haurudishwi, alisema, ni kutafuta mkosi.

Fundi hakuuliza historia. Alikipindua kiti, akakwangua kidogo kwa patasi chini ya kikalio, akatazama nyuzi za mbao.

"Mwaloni gani? Mvule huu," akasema. "Wa hapahapa. Ungekuwa mti laini wa Ulaya mchwa wangeshaumaliza zamani. Mvule hawauwezi."

Kisha akapangusa vumbi zaidi, zikatokea herufi tatu zilizochomwa kwa chuma cha moto: PWD, na namba pembeni. Dalali, aliyekuwa amefika kulinda mali, akashangilia kwamba hilo ni jina la fundi wa London. Mzee mmoja mstaafu wa reli, aliyekuwa amekaa juu ya gogo akingoja mpini wa jembe, akacheka mpaka akakohoa. PWD, akatueleza, ndiyo idara ya ujenzi ya mkoloni. Ndiyo iliyojenga nyumba za maafisa na kuzitia samani, na samani nyingi zilichongwa humuhumu nchini na mafundi wa Kihindi na wa Kiafrika. Maafisa wakihamishwa, waliviacha viti ndani.

"Kwa hiyo hiki ni mali ya serikali," akamalizia, akachukua mpini wake.

Maneno hayo yalifika kwa shangazi kabla yangu. Nilikuta kiti kimeandaliwa mahali chumbani, nyuma ya kabati, na kilipoingia kikafunikwa kanga mbili na mkeka. Mteja wa dalali, mwenye hoteli wa Pangani, alipokuja kesho yake na gari la kubebea, shangazi alimtazama kwa upole mwingi. "Kiti gani, baba?" akamkaribisha kigoda na chai ya mchaichai. Mteja akanywa chai, akaondoka, akamwambia dalali kwamba yeye hajali mvule wala mwaloni, anataka vinne kama kile cha kwenye picha.

Dalali akapanda baiskeli yangu bila kuomba, akaenda kwa fundi kumuuliza kama anaweza kumchongea viti vinne vya kale kufikia mwisho wa mwezi.

"Vya Mjerumani au vya Mwingereza?" fundi akauliza. "Bei mbalimbali."