Shangazi wa Linux: "Ninayo Ndani, Yeye Haioni!"

Wiki hii barua zote zina kilio kimoja: programu imegoma kuwaka, inadai laibrari fulani haipo. Vuteni mkeka.

*Shikamoo Shangazi. Nina programu ya kukokotoa mvua niliyorithi kwa msimamizi wangu, imejengwa 2015. Nimebadilisha kompyuta, sasa kila nikiiwasha inalilia libgfortran.so.3. Mimi ninayo libgfortran.so.5, mpya kabisa! Rafiki ananishauri niiundie njia ya mkato yenye jina la ile ya zamani, programu isijue tofauti. Nifanye?*
*— Mrithi Aliyekwama, Morogoro*

Marahaba mwanangu. Hiyo namba ya mwisho si umri wa kuringia, ni mkataba. Hupandishwa pale makubaliano ya zamani yanapovunjwa. Ilikuwa 3 hadi GCC 6, ikawa 4 kwa GCC 7 mwaka 2017, ikawa 5 kwa GCC 8 mwaka 2018. Kuipa 5 jina la 3 ni kumpelekea bwana harusi dada mtu chini ya ushungi: mlangoni atapita, balaa litazuka chumbani. Programu ikianguka papo hapo, shukuru. Msiba ni ikiendelea kukokotoa na kukuletea milimita za mvua ambayo haikunyesha popote. Kama msimbo unao, ujenge upya kwa gfortran ya sasa. Kama huna, Ubuntu 18.04 ilikuwa na kifurushi cha libgfortran3: iweke Ubuntu hiyo na programu yako ndani ya kontena, wazee waishi na wazee wenzao.

*Shangazi, laibrari ya GSL nimeijenga kwa mikono yangu, nikamaliza na make install. libgsl.so.27 imo ndani ya /usr/local/lib, naiona! Programu yangu inaapa haipo. Nani mwongo?*
*— Mwenye Macho, Eldoret*

Hakuna mwongo. Kipakiaji, yule anayeiitia programu laibrari zake, hakizunguki nyumba nzima kutafuta. Kinasoma daftari lake, /etc/ld.so.cache, kama kijana wa mlangoni kwenye harusi: jina halimo, huingii, hata kama pilau umepika wewe. Andika sudo ldconfig, daftari liandikwe upya. Kwenye Ubuntu hiyo inatosha. Kwa ukoo wa Red Hat, /usr/local/lib haimo katika orodha ya mahali pa kupitia, basi iongeze kwanza kwa faili dogo ndani ya /etc/ld.so.conf.d. Kisha endesha ldd kwa programu yako: mstari uliokuwa unasoma libgsl.so.27 => not found sasa utaonyesha njia kamili. Ila ldd usiielekeze kwenye programu uliyookota njiani, maana inaweza kuiwasha.

Kama uko kwenye klasta na sudo hukupewa, anza na module avail. Huenda GSL ipo tayari inakusubiri uiite. Ikikosekana, weka LD_LIBRARY_PATH kwa safari hiyo moja tu. Ukiibandika kwenye .bashrc, kila programu itapitia kwanza kwenye kabati lako, hata isiyokuomba kitu, na mwezi ujao utaniandikia barua nyingine.

*Shangazi, programu niliyoijenga kwenye Ubuntu 22.04 nimeipeleka kwenye kompyuta ya maabara yenye Rocky Linux 8. Ikadai GLIBC_2.34. Nikaona isiwe tabu, nikanakili libc.so.6 yangu juu ya ile iliyokuwepo. Sasa hata ls haiitiki. Naandika kwa simu ya jirani.*
*— Mwenye Haraka, Tabora*

Pole sana. Hiyo libc.so.6 ndiyo glibc yenyewe. Rocky 8 huja na glibc 2.28, na bash, ls, cp, hata sudo, wote wameiegemea hiyo. Umeng'oa nguzo huku umekaa chini ya paa. Washa kompyuta kwa flashi, urudishe glibc yake ya asili. Siku nyingine kumbuka: iliyojengwa kwa glibc ya zamani kwa kawaida huishi vizuri na mpya, lakini ya mpya haiteremki kwa ya zamani. Jenga programu hukohuko inakokwenda kuishi, au ihamishe pamoja na nyumba yake ndani ya kontena la Apptainer, ije na glibc yake isigombanie ya mwenyeji.

Na jirani mrudishie simu kabla bando lake halijaisha.