Mwaridi Mmoja, Mabwana Shamba Mtaa Mzima

Vitabu vya bustani vinakubaliana kwamba maadui wa mwaridi ni watatu: vidukari wanaofyonza machipukizi, utitiri mwekundu wa wakati wa ukame, na kuvu wa madoa meusi anayekuja na mvua. Sina ugomvi na wataalamu. Ila inaonekana hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupanga nyumba Tabata. Angepanga, angemweka binadamu namba moja, mbuzi namba mbili, na hao vidukari wangesubiri zamu yao.

Mwaridi wangu niliununua kandokando ya barabara, kwa wale vijana wanaopanga miche kwenye viriba. Nikamuuliza muuzaji unatoa maua ya rangi gani.

"Wewe dada yangu unataka rangi gani?"

Nikasema nyeupe.

"Basi ni mweupe huo."

Akaninyanyulia kiriba chenye kichaka kilichoshiba majani, juu kabisa kimechanua ua moja jeupe, safi. Aliniambia shilingi 15,000, tukaelewana kwa 10,000, nikapanda bajaji nimeukumbatia. Kufika nyumbani, binti yangu akalishika lile ua alinuse, likabaki mkononi mwake. Chini yake lilikuwa limechomekwa kijiti cha meno. Mwaridi wenyewe ulikuwa haujawahi kuchanua tangu uzaliwe. Lakini nimpe muuzaji haki yake: ulipochanua kweli, maua yalikuwa meupe. Mtoto wa jirani akayapiga picha kwa simu, programu ikasema huo ni "Iceberg", mwaridi wa kichaka uliozalishwa na Kordes kule Ujerumani mwaka 1958. Tukafurahi sana. Kesho yake akaupiga picha tena wakati wa jioni, programu ikasema ni kabichi.

Mwaridi unataka jua, si chini ya saa sita kwa siku. Uani kwetu jua la namna hiyo lipo sehemu moja tu, na sehemu hiyo ina mwenyewe tangu zamani: kamba ya kuanikia nguo. Hapakuwa na mjadala, nikauchimbia shimo pembeni ya nguzo ya kamba, nikachanganya udongo na samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, nikashindilia, nikamwagilia. Ukashika. Tatizo likaja na upepo wa kusi, uliolichukua dera la mama mkwe wangu kutoka kwenye kamba na kulitua juu ya mwaridi. Dera lenyewe lilikuwa jipya, la batiki, limeshonwa kwa ajili ya harusi ya Jumamosi.

Miiba ya mwaridi imepinda kuelekea chini, kwa hiyo nguo iliyotua juu yake, kadiri unavyoivuta kuja juu ndivyo inavyozidi kushikwa. Mama mkwe akavuta. Tukasikia mlio ambao mwanamke yeyote anaujua. Baba watoto, aliyesoma biolojia mpaka kidato cha sita, akaona huo ndio wakati wa kutoa elimu. Akaeleza kwamba mwiba wa mlimao ni tawi lililogeuka, lina mti ndani yake, lakini huu wa mwaridi kitaalamu si mwiba hasa, ni kichomozo tu cha ngozi ya juu ya shina. Akausukuma mmoja kwa ubavu wa dole gumba, ukang'oka safi, ukaacha kijidonda chenye umbo la yai. "Unaona mama? Ngozi tu."

Mama mkwe akalitazama dera, akamtazama mwanawe. "Kwa hiyo nguo yangu imechanwa na ngozi?"

Harusini alikwenda na kanga. Kamba ikahamishwa, mwaridi ukabaki, na hilo katika nyumba yetu linahesabiwa kuwa ushindi mkubwa.

Sasa mwaridi ukionekana kutoka barabarani, kila apitaye anakuwa bwana shamba. Mwalimu mstaafu wa nyumba ya tatu alikuwa wa kwanza: akasimama getini, akapokea shikamoo yake, akasema dawa ni majani ya chai. Mke wake akasema majani ya chai ni uchafu, dawa ni maganda ya mayai. Kijana wa bodaboda akaapa kwa majivu ya mkaa. Hakuna aliyeishia kwenye maneno, walileta. Asubuhi nikitoka nakuta shina limezungushiwa majalala madogo madogo ya wema. Ukweli ni kwamba mwaridi unapenda udongo wenye uchachu kidogo, pH ya 6 hadi 6.5 hivi, na majivu yanausukuma upande wa pili. Lakini hebu wewe mwambie kijana aliyekubebea ndoo ya majivu kutoka kwa mama ntilie kwamba una shida na pH.

Aliyevuka mipaka ni jirani wa ukutani, mama mcheshi asiye na baya, ambaye kwao Kilwa, anasema, maua yote humwagiliwa maji ya kuoshea samaki. Akamwaga beseni zima la maji ya changu, usiku, kimyakimya, kama sadaka isiyotaka kutangazwa. Kufika alfajiri paka wote wa Tabata walikuwa uani kwetu. Wakachimba. Walipokuta hakuna samaki wakachimba zaidi, kwa hasira, hadi mizizi ikawa nje inaota jua. Nikaifukia. Jirani akachungulia ukutani akaniuliza: "Umeona? Umeanza kuchangamka!"

Mvua za masika zikaleta ule ugonjwa wa kwenye vitabu. Majani yakatoka madoa meusi yenye kingo zilizochanikachanika, yakageuka manjano, yakaanguka kuanzia chini kwenda juu, mpaka kilichobaki kikafanana na fimbo za mwalimu wa zamu zilizochomekwa ardhini. Kuvu huyu anataka jani likae na maji kwa saa saba hivi mfululizo ndipo mbegu zake ziote, kwa hiyo kinga ya kwanza ni kumwagilia chini kwenye shina, asubuhi, ili majani yashinde makavu. Nikamweleza dada wetu wa kazi, ambaye alikuwa na mtindo wa kuumwagilia kwa mpira wa maji saa moja jioni kuanzia kichwani, akiimba.

Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akatazama juu, ambako wingu lilikuwa limetanda tangu asubuhi.

"Sawa mama. Na hiyo mvua nayo niiambie inyeshe chini?"

Sikuwa na jibu, na hadi leo sijalipata. Tuliokota majani yaliyoanguka tukayachoma ili kuvu asirudi kutoka ardhini, hiyo ndiyo kazi ya maana unayoweza kufanya wakati wa masika Dar es Salaam. Majirani wakawa wanapita wanatupa pole. Mmoja aliuliza mazishi lini.

Wala mwaridi haukufa. Mvua zilipokata ukavaa majani mapya, na machipukizi hayo yakaleta vidukari, kijani kibichi, wamejibana kwenye shina la kila tumba. Kidukari jike hahitaji dume. Anazaa watoto hai, na hao watoto tayari wana mimba. Kila safu yao ilikuwa na sisimizi wadogo weusi, wanapanda na kushuka bila kuwadhuru, kwa sababu vidukari wanatoa utomvu mtamu na sisimizi wanawachunga kwa ajili hiyo, wanawalinda kabisa na maadui. Mlinzi wetu wa mtaa alipooneshwa alisema ndio kwanza anaona mfugaji asiyelalamikia malisho. Tiba ni maji yenye sabuni kidogo, unapuliza au unawafuta kwa vidole. Neno "kidogo" ndilo lililopotea njiani. Dada alitumia sabuni ya unga ya kufulia, akaikoroga ikatoa povu zito, akauogesha mwaridi wote saa saba mchana jua likiwa utosini. Vidukari waliisha. Majani nayo yaliisha.

Tukafika kwa mbuzi. Watu wanadhani miiba ni kinga. Hawajamwona mbuzi akila. Anachomeka mdomo katikati ya miiba taratibu kabisa, anang'oa tumba kwa midomo, anaruka la kwanza lililofunga anachagua lililoanza kufunguka. Ana jicho la muuza maua. Nilimkuta kwenye tumba la mwisho, nikamkamata kamba, nikampeleka kwa mwenyewe, mzee mmoja wa heshima anayekaa barazani na redio yake.

"Shikamoo mzee. Mbuzi wako amekula mawaridi yangu."

"Marahaba mwanangu. Huyu? Huyu hali maua kabisa. Hata ukimpa, hali."

Mbuzi alisimama kati yetu, petali nyeupe imemning'inia kwenye ndevu. Tuliitazama wote wawili. Mzee akaongeza sauti ya redio.

Katika yote hayo, msaada mkubwa kuliko wote ulitoka kwa adui. Kijana aliyekuja kufyeka nyasi aliupitia mwaridi na fyekeo, akauacha na urefu wa kifundo cha mguu. Mama mkwe, ambaye bado alikuwa na kesi nao, alisema Mungu si Athumani. Lakini mwaridi unachanua kwenye matawi mapya, na kupogoa ndiko kunakouamsha. Kanuni inataka ukate kwa mkasi mkali, mshazari, juu kidogo ya jicho linalotazama nje, ili tawi lijalo lisiende katikati ya kichaka na kuziba hewa. Fyekeo halijui jicho linatazama wapi. Hata hivyo, wiki kama saba baadaye kichaka kilikuwa kimejaa maua kuliko wakati wowote, na kijana wa fyekeo sasa anajitambulisha mtaani kama mtaalamu wa mawaridi. Anatoza.

Pamoja na matawi hayo likatoka moja lisiloeleweka. Lilichomoza chini kabisa ardhini, likapanda kwa kasi ya ajabu, majani yake madogo na ya kijani kilichopauka. Miwaridi mingi inayouzwa imebebeshwa, kama miembe ya kisasa: juu ni ule unaoutaka, chini ni shina jingine gumu lenye mizizi mizuri. Shina la chini likipata nafasi linatoa maotea yake, na ukiyaacha yanakula chakula chote mpaka wa juu unakufa. Yanatakiwa yang'olewe kutoka pale yalipoanzia, si kukatwa, maana ukikata yanarudi na ndugu zao. Nikainama ning'oe, nyumba nzima ikasimama. Baba watoto akasema linaonekana lina afya kuliko yote. Dada akasema ndilo pekee lisilougua. Mama mkwe akasema mimi siku zote nawaonea wanyonge. Ilibidi nisubiri waende msibani ndipo nikaling'oa, nikalifukia kwenye taka, na waliporudi nikasema mbuzi. Waliamini mara moja.

Amebaki shangazi yake baba watoto, aliyeishi Maskati miaka mingi na ambaye kila sentensi yake inaanzia huko. Kule Oman, kwenye milima ya Jabal Akhdar, mita kama 2,000 juu ya bahari, wanalima mawaridi ya kutengenezea yale maji ya waridi tunayonyunyiziwa kwa mrashi kwenye maulidi na harusi. Yanachumwa majira ya mwezi wa Aprili, asubuhi na mapema, kabla jua halijapeperusha harufu. Alipokuja kuuona wangu akainama, akavuta pumzi ndefu, akanyanyuka.

"Mwanangu, hili halinukii. Hili limevaa tu."

Ni kweli, na si kosa la mwaridi. Wazalishaji wa mawaridi ya mapambo kwa muda mrefu walitafuta rangi, umbo na kukaa muda mrefu kwenye chombo, harufu ikaachwa nyuma. Na mwaridi hupenda baridi kidogo: Naivasha, wanakolima yale ya kusafirisha Ulaya, iko karibu mita 1,900 juu ya bahari. Tabata hata mita 100 haifiki, tunatokwa jasho sote pamoja na mwaridi. Nilidhani baada ya hukumu ile shangazi angeachana nao. Badala yake anakuja kila Alhamisi, alfajiri, ana ufunguo wake wa geti, anachuma yote yaliyochanua, anayafunga na mrehani na asumini kwenye kikuba chake. Nikimuuliza vipi, si halinukii, ananijibu kwamba harufu ni kazi ya asumini. Waridi ni la kutazamwa. Na anayelitazama ni mume wake, kule Ilala. Mimi natazama vikonyo.

Kama na wewe unautaka, nunua wakati wa kipupwe, mwezi wa sita au wa saba, hali ya hewa ikiwa imetulia. Vuta ua kwanza uone kama linatoka. Uchimbie mbali na kamba ya nguo, samadi iwe imeoza, maji asubuhi kwenye shina, na mkasi usiuogope. Na ukipita Tabata ukaona kichaka cha mawaridi meupe nyuma ya geti la bluu, karibu upige hodi, chai ipo. Ushauri uache nyumbani kwako.