Willy Gamba kwa Saa Mbili Tu

Kwetu Nyarugusu, ile ya Geita, riwaya ilikuwa na kazi moja: kuua muda kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Mawe yako yamo kwenye viroba, foleni ya kusaga haisogei, na ukithubutu kwenda kunywa chai utakuta viroba vimekonda. Basi unakaa juu ya mali yako, unasoma. Vitabu vilifika mifukoni mwa wachimbaji waliohama kutoka machimbo mengine, havina jalada, vina madoa ya grisi, na kurasa za mwisho zimeshachanwa kusokotea tumbaku. Mpelelezi Joram Kiango wa riwaya za Ben Mtobwa nilimfahamu kabla sijamfahamu mkuu wa wilaya yetu. Willy Gamba wa Elvis Musiba ndiye aliyetutesa zaidi. Kila safari tulimwacha kwenye hatari kubwa, maana wokovu wake ulikuwa umeshavutwa ukawa moshi.

Nilipochaguliwa kwenda chuo kikuu kusomea ugavi, wazee wa duara, yaani shimo letu la kuchimbia, hawakunipa nasaha kuhusu wanawake wala pombe. Walinituma nikaangalie Willy Gamba alitokaje. Huko chuoni, walisema, vitabu vina mwisho.

Siku ya kujiandikisha maktaba, mama wa mapokezi alisoma fomu yangu, akavua miwani.

“Nyarugusu? Pole sana, mwanangu. Wazazi mmekuja nao, au walibaki Kongo?”

Nyarugusu aliyoijua yeye ni ile ya Kasulu, Kigoma, yenye kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1996.

“Shikamoo, mama. Mimi ni wa Nyarugusu ya Geita. Ya dhahabu.”

Huruma ikamtoka usoni papo hapo. “Aa. Basi ninyi faini haiwasumbui,” akasema, akagonga muhuri.

Nikaenda kwenye kompyuta ya katalogi, nikaandika “riwaya”. Ikaleta orodha ndefu, nikafurahi mpaka nilipoanza kuisoma. Tasnifu kuhusu usawiri wa mwanamke katika riwaya. Tasnifu kuhusu matumizi ya methali katika riwaya. Tasnifu kuhusu dhamira katika riwaya zile zile. Mchimbaji angeziita marudio: mchanga uliokwisha kuoshwa na wenzako, dhahabu wameondoka nayo. Nikaacha kompyuta, nikaingia kwenye rafu kwa miguu.

Huko nikakuta siasa nyingine. Maktaba ile ilipanga vitabu kwa mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani, na watu wa Washington waliamua zamani kwamba fasihi ya Kiswahili ikae kwenye herufi PL, pamoja na Asia ya Mashariki na visiwa vya Pasifiki. Kwa hiyo kumfikia Shaaban Robert nilipita kwanza kwa Wajapani, Wachina na Wakorea, nikiwapa shikamoo njiani. Abdulrazak Gurnah, mtoto wa Zanzibar aliyepata Nobeli mwaka 2021, hakuwepo. Yeye anaandika kwa Kiingereza, kwa hiyo yuko PR na Waingereza, ghorofa nyingine. Hata Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya yake aliyoifanya Ida Hadjivayanis mwaka 2022, mfumo huo unataka ikae na asili yake, yaani uzunguni. Nikapanda ngazi kuitafuta. Ilikuwa imeazimwa na mhadhiri, na mhadhiri anapoazima kitabu, wewe hesabu mihula.

Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka nilikipata, juzuu ya kwanza peke yake. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, jirani yetu wa Kanda ya Ziwa, alimaliza kukiandika kwa Kikerewe mwaka 1945, akakigeuza Kiswahili mwenyewe, kikachapishwa mwaka 1980. Nilipoulizia juzuu ya pili nikaambiwa nisubiri. Mbele ya mtu aliyesubiri miaka 35, nilikosa ujasiri wa kulalamika.

Na Willy Gamba? Alikuwepo! Kufa na Kupona, ya mwaka 1974, na kurasa zake zote. Ila ilikuwa akiba maalumu, nyuma ya kaunta, kwa sababu kuna kozi inayoifundisha. Kitabu cha akiba maalumu unakisoma humo humo ndani, kwa saa mbili, ukiacha kitambulisho. Riwaya ya upelelezi! Unafika mahali ambapo mapigo ya moyo yanasikika mpaka meza ya jirani, mama wa kaunta anakugusa bega: “Muda, mwanangu.” Nyuma yake amesimama binti wa mwaka wa pili, kalamu sikioni, anasubiri kwenda kuhesabu tashbiha.

Hao wanafunzi wa fasihi ndio kilio changu kikubwa. Wachimbaji walichana mwisho wa kitabu, ni kweli, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kukuharibia mwanzo. Chuoni kila ukurasa una penseli. Pembeni ya risasi imeandikwa TAHARUKI. Pembeni ya busu, DHAMIRA: MAPENZI. Katika riwaya moja, ambayo jina lake nalihifadhi nisije nikawaharibia na ninyi, msaliti anaingia sebuleni ukurasa wa tisa, anakaribishwa chai, na juu ya kichwa chake mtu ameandika kwa wino mwekundu: “Huyu ndiye. Itatoka kwenye mtihani.” Nilikisoma kitabu kizima nikimwangalia yule bwana anavyokunywa chai ya watu.

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, kuna wakati ilipigwa marufuku shuleni. Enzi hizo vijana waliisoma chini ya blanketi kwa tochi. Sasa vyuoni inatahiniwa, na nakala niliyoishika ilikuwa na vumbi kuanzia sura ya tatu kwenda mbele. Nadhani marufuku ilikuwa inawatendea haki zaidi waandishi wetu.

Siku moja nilimwambia mama wa kaunta kwamba ninasoma kujifurahisha tu. Akatazama kadi yangu, ugavi, akatazama kitabu. “Kujifurahisha,” akarudia taratibu, kisha akaniuliza kama chakula ninakula vizuri.

Wakutubi wa vyuo vyetu, shikamooni. Ombi langu ni dogo: rafu moja karibu na mlango, ya riwaya zisizo na kozi, ziazimwe wiki mbili kama vitabu vingine, na penseli ziachwe kaunta pamoja na mabegi. Na wewe unayeikalia juzuu ya pili ya Kitereza, irudishe. Faini tutachangiana.