Mume Gumegume

Wiki mbili zimepita na masikio yangu bado yana moto. Yule mzee aliinama kwenye nyasi zenye barafu, hatua kama kumi mbele ya meza ya kulengea, akaokota vipande vitatu vya nguo vilivyoungua kingo, akarudi navyo kiganjani kama mtu aliyeokota vifaranga. Akavipanga mezani. ME. NI. SE. Akavaa miwani.

"Kijana," akauliza, "menise ni kitu gani?"

Wazee wengine watano wakaacha kusafisha bunduki zao ili wasikie vizuri.

Nikavipanga upya kwa adabu: SE, ME, NI. Nikaeleza kwamba hayo ni maandishi ya kanga ya mke wangu, kwamba baada ya hapo huja "mchoke", na kwamba hiyo "mchoke" bado imo ndani ya mtutu, imeyeyuka.

Tuko Pennsylvania, jimbo ambalo tangu 1974 lina msimu wake wa kuwinda kulungu kwa gumegume. Msimu huanza Krismasi ikishapita, baridi ikiwa imekomaa, na anayetaka kushiriki sharti abebe gobore la kuwashwa kwa jiwe. Jiwe linagonga chuma, cheche zinaangukia baruti kiduchu kwenye kisahani cha ubavuni, moto unapenya kitundu, ndipo baruti yenyewe inalipuka ndani ya mtutu. Kati ya kuvuta kifyatulio na kusikia mlio, mtu ana nafasi ya kujuta. Mke wangu alipojua silaha niliyonunua inaitwa gumegume, alicheka mpaka akakaa chini. Neno hilo yeye amelizoea likitanguliwa na neno "mume".

Nami kwa kiburi nikadhani gobore ni kitu cha kushindilia tu: baruti, risasi, mdeki, puu. Kumbe gobore huchagua chakula kuliko mgonjwa. Baruti nyeusi ni shura robo tatu, makaa asilimia 15, kiberiti asilimia 10, na huku hupimwa kwa greni. Greni 70 ni kama gramu nne na nusu, hazijazi hata kijiko cha chai. Ongeza greni 10 tu, na gololi zilizokuwa zikitua mahali pamoja zinatawanyika kama kuku waliosikia mwewe. Mtutu wa jirani, wa kiwanda kilekile na urefu uleule, utapenda kipimo kingine kabisa. Hakuna wa kukutabiria. Unakaa mezani, unaweka shabaha yadi 50, unaanza na greni 50, unapiga tatu, unapima kwa rula umbali kati ya matundu, unapanda hadi 60, unapiga tatu. Kila baada ya risasi unapangusa mtutu kwa kitambaa chenye unyevu, maana masizi ya baruti hii yanajaa upesi na yananuka yai viza. Halafu unaandika kwenye daftari.

Kinachoniroga mimi ni kiraka. Gololi ya risasi ina kipenyo cha inchi 0.490, mtutu ni inchi 0.50. Maana yake gololi haiugusi mtutu hata kidogo! Inasafiri imevikwa kiduara cha kitambaa cha pamba kilichopakwa mafuta, kama andazi ndani ya karatasi. Kitambaa ndicho kinachong'ang'ania mifereji iliyochongwa kwa kuzunguka ndani ya mtutu, ndicho kinachoizungusha gololi, ndicho kinachoziba moto usiipite. Gololi ikishatoka, kiraka kinaachia na kuanguka hatua chache mbele, nawe unakwenda kukiokota na kukisoma kama mganga asomavyo bao. Kikiwa kizima, na doa jeusi la mviringo katikati, mambo shwari. Kikiwa kimechanika, ama kingo za mifereji bado ni kali, ama kitambaa ni dhaifu. Kikitobolewa na moto, kitambaa ni chembamba au baruti imezidi. Wajerumani na Waswisi waliokuwa wakifua bunduki ndefu pale Lancaster katika karne ya 18 walisomea vitambaa vya namna hii, na mimi, mtu mwenye simu inayonipimia hadi usingizi wangu, nasomea vilevile.

Sheria ya mzee ilikuwa moja: badili kitu kimoja tu kwa wakati. Kwa greni 70, na viraka alivyonigawia yeye, nilipiga matundu matatu yanayofunikika kwa kifuniko cha chupa ya maji. Nikalala usingizi wa bingwa. Jumamosi iliyofuata viraka vikawa vimekwisha, duka mbali, na kabatini kuna kanga. Kanga si pamba? Imeandikwa hivyo ukingoni, pamba tupu. Nikakata ukanda wa chini, pale penye maandishi, nikiamini hakuna mtu anayemtazama mwanamke hapo.

Risasi ya kwanza ikaenda kushoto. Ya pili sikuiona. Ya tatu ilitoboa shabaha ya jirani. Nikalaumu upepo, nikalaumu jiwe, nikawa nakaribia kumlaumu mzee, ndipo alipoinuka kwenda kuokota viraka.

Baada ya somo la Kiswahili akatoa kiberiti cha gesi, akachomoa uzi mmoja kwenye ile SE, akauwasha. Pamba huungua ikabaki jivu laini, ikanuka karatasi. Uzi wangu ulijikunja, ukadondosha tone jeusi, likaganda mezani likawa gumu kama shanga. "Hii ni plastiki, kijana," akasema.

Hapo ndipo ucheshi uliponitoka. Kanga ile ililetwa na mama mkwe kutoka Tanga, doti nzima, na alipouliza dukani aliapiwa kwamba ni pamba. Kwa kanga tunapokea mtoto akiwa bado na unyevu wa tumboni. Tunajifunga jikoni, miali ya moto ikiwa shibiri moja kutoka kiunoni. Tunafunika wafiwa. Na mtu amekaa mahali, ameandika "pamba" kwa herufi nzuri juu ya chupa za soda zilizosokotwa, akachukua bei ya pamba. Kama nisingeiweka kwenye mtutu, tungeendelea kujifunika uongo ule mpaka uchakae.

Nyumbani sikufika mbali na hotuba hiyo. "Baba Neema," mke wangu aliniita polepole, kanga mkononi, "ungekata mji, ningekusamehe. Umekata jina?"

Mengine yaliyonipata msimu huu ni madogo. Nilishindilia gololi bila baruti, nikakaa saa nzima nikiivua. Nilisahau mdeki mtutuni nikaufyatua, ukapatikana kwenye mti.

Jana nilirudi uwanjani na viraka vipya. Niliamka nikavikuta mezani, vimekatwa mviringo kwa ustadi, zaidi ya 60, pamba halisi. Mke wangu alishajaribu uzi wake kwa njiti ya kiberiti kabla ya kushika mkasi. Greni 70, gololi ileile, mafuta yaleyale. Tundu la kwanza katikati. La pili likaligusa la kwanza. La tatu likaenda zake pembeni, inchi sita.

Mzee akaenda, akaokota, akarudi akikishikilia kiraka cha tatu dhidi ya jua. Kilikuwa na tundu jembamba lililonyooka.

"Ajabu," akasema. "Moto hautoboi hivi. Wala mifereji."

Nikakipokea. Rangi ya samawati, mistari myembamba, mshono safi kuzunguka tundu. Lilikuwa la kifungo. Shati langu la Idi.