Kamati ya Choo

Ukitaka kujua ukoo wenu una wahandisi wangapi, tangaza kwamba unataka kukarabati choo. Ukisema unaezeka nyumba upya, watu watakupa pole ya gharama na kuendelea na mambo yao. Sema choo, tena kile cha chumbani, ambacho wewe na mkeo mnakitumia mlango ukiwa umefungwa, na hata binamu aliyepotea tangu siku ya harusi yenu atapiga simu kuuliza bomba la majitaka litapita upande gani.

Chumba chenyewe kiko Tabata, Dar es Salaam, katika nyumba iliyojengwa kama zinavyojengwa nyingi za mtaani kwetu: msingi kwa mkopo wa Saccos, kuta kwa upatu wa mke, bati kwa Mungu. Kwenye ramani kimeandikwa masta. Kina mita 3.6 kwa 3.3, na ndani yake kuna kitanda cha sita kwa sita, maana katika mji huu mtu mzima hakubali ijulikane kwamba analalia tano kwa sita. Futi sita ni sentimita 183. Ongeza kabati, ongeza meza ya kujipambia ya mke wangu, ongeza na yale mabegi makubwa juu ya kabati ambayo hayajawahi kusafiri. Kinachobaki ni kijia ambacho tunakipita ubavuubavu kama kaa.

Bafu lina mita 1.5 kwa 2.1. Mlango wake unafunguka kwa ndani mpaka ugonge sinki la choo, kwa hiyo anayeingia hujibanza kwanza konani, aurudishe mlango, ndipo shughuli ianze. Bomba la mvua limening'inia juu ya choo, ndiyo sababu karatasi ya chooni inaishi ndani ya kopo la siagi lenye mfuniko. Na maji! Sakafu ya bafu inatakiwa iteremke sentimita moja hadi mbili kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la kutolea maji. Yetu imeteremka vizuri sana kuelekea kitandani. Alfajiri mmoja akioga, mwenzake hulala macho akisikiliza kandambili zikielea.

Tukakubaliana tuvunje na tupange upya. Mke wangu akachukua daftari la hesabu la mtoto, lile la vijumba, akachora kwa penseli, kila kijumba sentimita 30. Alipomaliza, bafu lilikuwa limenenepa hadi mita 1.8 kwa 2.7. Sehemu kavu ilitengwa na sehemu ya maji kwa kioo kirefu, na ukutani kulikuwa na mabeseni mawili ya kunawia, yamekaa sambamba.

"Mawili ya nini?"

"Moja lako, moja langu."

Nikahesabu vijumba vya upande wa pili wa ukuta. Kitanda kilikuwa kimechorwa cha nne kwa sita, bila maelezo yoyote.

Fundi alikuja Jumapili, saa za chakula, kama ada. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Akatoka nje, akafunua chemba, akachungulia, akafyonya. Kisha akauliza swali ambalo kila fundi huuliza kabla hajataja bei.

"Bosi, hii nani alikujengea?"

Nikamwambia ni yeye.

Hakubabaika hata kidogo. "Ndiyo maana haijaanguka," akasema, akachomoa tepu mfukoni.

Haki yake nimpe: kazi anaijua, ingawa huikumbuka zaidi akiwa anakosoa. Alitueleza kwamba choo hakihami peke yake, kinahama na bomba lake la inchi nne, na bomba hilo halipendi kona. Ukitaka kukitoa ukuta huu ukipeleke ule, lazima jamvi likatwe, bomba lilazwe upya kwa mteremko hadi kwenye chemba, kisha zege limwagwe tena. Na kabla ya kununua sinki, uliangalie nyuma na chini: yapo yanayotolea uchafu ukutani na yapo yanayotolea sakafuni. Haya ya sakafuni mengi hutaka katikati ya tundu pawe sentimita 30 kutoka ukutani. "Ukuta uliokwisha," alisisitiza, akimtazama mke wangu na daftari lake. "Ukiwa na lipu, ukiwa na marumaru. Ukipima tofali tupu, sinki linakuja, linagoma kukaa."

Hapo ndipo mama mkwe alipokohoa.

Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Tanga kutibiwa macho. Kati yangu na yeye kuna heshima ya kipwani isiyo na ufa: shikamoo, marahaba, umeamkaje, nimeamka salama, basi. Habari za chooni hazimo kabisa. Kwa hiyo akazungumza na binti yake, nami nimesimama katikati yao.

"Mwambie mwenzio, choo chenu kinatazama kibla."

Mtu wa bara huenda asiuone uzito wake. Adabu ya haja ni mtu asielekee kibla wala asikipe mgongo. Nasi wa Dar es Salaam hatuna pa kujitetea, kwani Makka iko kaskazini yetu karibu moja kwa moja, miji yote miwili ikiwa kwenye longitudo ya 39. Kiwanja chetu kimelala kaskazini-kusini, nyumba ikafuata kiwanja, choo kikafuata nyumba. Kukigeuza nyuma-mbele hakusaidii. Zinabaki pande mbili tu: mashariki, ambako kuna dirisha la jirani, na magharibi, ambako kuna kitanda chetu.

Shemeji, aliyekaa madrasa kuliko sisi sote, alipigiwa simu. Akasema wapo wanazuoni waliolegeza kwa choo kilichozungukwa na kuta.

"Mwambie kaka yako," akasema mama mkwe, "huko kulegezalegeza ndiko kulikomfikisha alipo."

"Kwani mama," mke wangu akauliza taratibu, "wewe umejuaje kinatazama wapi?"

Kimya. Mimi nilikuwa nikiikagua jipsamu ya dari kwa makini sana.

"Kile cha uani kina ngazi," mama mkwe akajibu, na kikao kikaahirishwa.

Mchoro ulipofika kwenye kundi la familia, ulikoma kuwa wetu. Ami aliyeko Muscat akaagiza kibomba cha kujisafishia kiwekwe upande wa kulia, akatuma na picha ya cha kwake, kinang'aa kuliko sufuria zetu. Dada aliyeko Marekani akataka beseni kubwa la kulala ndani, la kuondolea uchovu. Beseni la aina hiyo hunywa lita 150 bila kujaa vizuri, na tangi letu ni la lita 1,000. Yaani uchovu uondolewe mara sita, kisha nyumba nzima ipige mswaki kwa maji ya chupa. Nililiandika hilo kundini kwa adabu. Akanijibu kwa kikatuni kinacholia.

Wahenga wa pwani hii walilimaliza suala hili mapema, ndiyo maana inaudhi. Katika nyumba za mawe za Lamu, chumba cha ndani kilikuwa na choo chake na birika la maji, chini ya birika kumejengewa bakuli la kaure, na humo wakifugwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Kule Kilwa, kasri la Husuni Kubwa la karne ya 14 lilikuwa na bwawa la kuogea lenye pembe nane. Na mwaka 1850 Seyyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi hamamu kule Kidichi, Unguja, ambayo mpaka leo watu hulipa kiingilio kuitazama. Sidhani kama fundi wa Kidichi alithubutu kumwuliza Seyyid nani alikujengea hii.

Tukaenda Kariakoo, mtaa wa Gerezani, kutazama marumaru. Fundi alitufuata ili tusiibiwe. Yeye na mwenye duka walisalimiana kwa namna ya watu wasiofahamiana, wakizidisha kidogo. Mke wangu akapenda nyeupe zinazong'aa, za 30 kwa 60. Nilikuwa nimepiga hesabu usiku: kuta za bafu la sasa, zikipanda mita 2.4, ukitoa mlango, ni karibu mita za mraba 16. Boksi moja lina vipande 8, yaani mita za mraba 1.44. Yanatosha maboksi 11, weka mawili ya kuvunjika.

"Ishirini," akasema mwenye duka.

"Ishirini," akasema fundi, akitazama pembeni.

Wakati tunabishana, mke wangu alikuwa amempigia mama yake simu ya video na kuipitisha simu juu ya vipande, kimoja baada ya kingine. Sauti ikatoka, duka zima likasikia: "Hizo zinateleza. Mwambie mwenzio nikivunjika nyonga, uguzi ni wake." Tukahamia upande wa zile zinazokwaruza, za rangi ya udongo. Hata mwenye duka hakubisha.

Duka la jirani kulikuwa na kitu nilichokitaka mimi, na ndicho pekee nilichokiomba katika mradi huu wote: kichwa cha bomba la mvua, cha duara, kipenyo cha sentimita 30, kile kinachomwaga maji mwilini pote kwa mkupuo. Fundi akakishika, akakigeuza, akauliza tangi letu liko juu kiasi gani. Mnara wa mita 4. Kichwa cha bomba kitakuwa mita 2. Basi unazo mita 2 tu za kusukuma maji, na mita 10 za kimo ndizo zinazokupa baa moja ya presha. Nilikuwa na sehemu ya tano ya baa.

"Kumwaga hayatamwaga, bosi. Yatadondoka. Utakuwa unangojea tone."

Dawa ni pampu au kuinua mnara. Halafu akaongeza habari ya hita ya bombani: wati 5,000, inataka waya wake na swichi yake, na kila dakika 12 inakula uniti moja ya Luku. Nikamtazama mke wangu, ambaye akiingia kuoga huaga. Yeye akatazama mabomba.

Mchoro wa mwisho ulibandikwa kwenye mlango wa friji, na kwa kweli ni mzuri. Mlango wa bafu unafunguka kwa nje, nao ni mpana, sentimita 90. Kioo kimefutwa, kwa sababu mtu anaweza kukigonga. Beseni la kunawia ni moja. Choo kinatazama magharibi, na pembeni yake kuna vyuma viwili vya kushikia. Penye bomba la mvua kuna kibaraza cha saruji cha kukalia, na bomba la chini la kujazia ndoo. Dirisha limepandishwa jirani asione. Kitanda hakuna aliyekumbuka kukirekebisha. Kimebaki cha nne kwa sita.

Mama mkwe alivaa miwani yake mipya, akasogea, akaufuatisha mchoro kwa kidole kuanzia mlangoni hadi kwenye ndoo. Ilichukua muda. Mimi na fundi tulikuwa tunakunywa chai.

"Mwambie mwenzio Mungu ambariki," akamwambia binti yake, na sauti yake ilikuwa na machozi ya kweli. "Kitanda hicho kinanitosha kabisa. Nanyi bado vijana, kile cha watoto kitawafaa."

Mke wangu akanitazama. Nikamtazama. Hakuna aliyepata neno, na mkwe habishiwi. Tulipogeuka, kikombe cha fundi kilikuwa mezani peke yake. Kutoka chumba cha watoto tukasikia ukuta unagongwa, tepu inavutwa, mfyonyo mmoja mrefu.

"Bosi!" akaita. "Huku napo masta inatoka kabisa!"