Alpaka Si Farasi

Alpaka, mnyama anayefugwa kwa sufu yake, ana sura ya kuaminika. Macho makubwa, kope ndefu, shingo iliyonyooka kama ya mgeni rasmi, na nywele za utosini kama za mtu aliyetoka saluni akanyeshewa njiani. Mnyama wa sura hii hahitaji dalali. Ndiyo maana Mmarekani mstaafu mwenye ekari tano na akiba kidogo akimwona tu huanza kutafuta jina la kampuni. Na kampuni yenyewe haimsumbui: atajaza fomu kwenye ofisi ya jimbo, atalipa ada, atachukua namba yake kwa mamlaka ya kodi (IRS), ataiuliza kaunti kama eneo lake linaruhusu mifugo, na si muda mrefu atakuwa mkurugenzi. Alpaka hubeba mimba kwa miezi 11 na nusu hivi na kwa kawaida huzaa mmoja. Kampuni huzaliwa kabla nguzo za ua hazijasimama. Hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia, kwa sababu cheti cha usajili huthibitisha kwamba kampuni ipo, hakithibitishi kwamba kuna kitu cha kuuza. Na katika ufugaji huu kitu cha kuuza ndicho kilichokosekana miaka mingi, wakati makaratasi yote yakiwa safi kabisa.

Anayelijua hilo vizuri ni mtoza kodi, mtu ambaye hatumtarajii katika ucheshi. Kifungu cha 183 cha sheria ya kodi ya Marekani kinataka kujua kama shughuli inafanywa kwa nia ya faida au ni ya kujifurahisha. Shughuli iliyoingiza faida miaka 3 kati ya 5 hudhaniwa kuwa biashara, isipokuwa mamlaka ionyeshe vinginevyo. Farasi wamepewa nafuu yao: miaka 2 kati ya 7. Alpaka ana miguu minne, anakula majani na akitishwa anakimbia, lakini si farasi, na hata ukimvisha hatamu hatapata ile miaka miwili ya ziada. Asiyefikia kiwango hicho hahukumiwi papo hapo. Anapimwa kwa vigezo 9, mathalani kama anatunza vitabu vya hesabu, kama ameisomea kazi yake, na hasara zake zina umri gani. Kigezo cha mwisho ndicho kitamu: je, shughuli hiyo ina starehe ndani yake? Kanuni zinasema starehe peke yake haiiondolei biashara hadhi, lakini mfugaji mwenye busara atamkaribisha mkaguzi akiwa na risiti za dawa ya minyoo mkononi na huzuni ya kiasi usoni.

Mkaguzi ana sababu ya kushuku. Alpaka walianza kuingizwa Marekani kibiashara mwaka 1984, na ilipofika 1998 wafugaji walikuwa wameufunga usajili wao wa koo kwa wanyama wa kutoka nje, hatua iliyowafanya waliokwisha kuingia wabaki adimu. Bei ikapanda. Mwaka 2010 dume mmoja aliuzwa kwa dola 675,000. Sasa rudi kwenye sufu: alpaka mmoja hunyolewa mara moja kwa mwaka na kutoa kilo chache tu, kati yake zipo za miguuni na tumboni ambazo hazifai uzi mzuri, na sokoni anakutana na Peru, nchi yenye alpaka wengi kuliko zote duniani, ambako familia za milimani zimewafuga vizazi na vizazi. Mwaka 2007 wachumi Tina Saitone na Richard Sexton waliandika kwamba bei za wanyama hao Marekani hazielezeki kwa thamani ya sufu. Basi zilielezwa na nini? Na mnunuzi anayefuata. Mfugaji alimuuzia mfugaji, ambaye naye alihitaji wafugaji wawili wapya. Ukizidisha mara mbili hivyo, hatua ya 20 inadai wafugaji zaidi ya milioni moja. Kwetu mchezo huo una jina, tunauita upatu, ila huu ulikuwa na kope ndefu. Wakenya waliofuga kware mwaka 2013 hawahitaji maelezo zaidi. Walihitaji kibali cha Shirika la Wanyamapori (KWS), maana kware ni ndege wa porini, na soko lilipoanguka mwaka uliofuata, kibali hakikuliwa wala kutaga.

Atatokea wa kusema kwamba wapo wanaofaidika. Wapo. Wanauza soksi, mbolea, na kiingilio kwa wageni wanaotaka kupiga picha na mnyama asiyetabasamu. Lakini hao wanaendesha duka na utalii, na mpango wao wa biashara useme hivyo, ukitaja bima ya siku mgeni atakapotemewa mate. Mwingine atasema hata hasara ina faida yake, kwa kuwa hupunguza kodi. Hii ndiyo hoja inayonichekesha zaidi: mtu wa kiwango cha asilimia 22 akipoteza dola 100 anaokoa dola 22, kisha anamsifu mhasibu kwa zile 78 zilizobaki zizini. Kuna pia wa hoja ya tatu, asemaye alpaka wanampa utulivu wa moyo. Huyo simpingi hata kidogo. Wana adabu, hata haja wanaendea pamoja mahali pamoja, jambo ambalo vikao vingi vya wakurugenzi havijafikia. Utulivu huo aulipie kama wengine wanavyolipia gofu, bila kufungua kampuni.

Basi ukishindwa kujizuia, nunua watatu, kwa sababu wa peke yake hudhoofika kwa upweke. Chagua madume waliohasiwa. Bei yao ni ndogo, sufu yao ni ileile, na hakuna hata mmoja atakayekuzalia mtoto wa kumtafutia mnunuzi.